Kipande Ukingoni mwa Kioo

Bel-Air, Lubumbashi, tarehe 6 Novemba 2023

Mjomba Anaclet,

Nakusalimu kutoka nyumbani, nikijua barua hii itakukuta umekunja uso kwa sababu imechelewa. Usinilaumu mimi, laumu barabara ya kwenu Kilwa, huko ziwani. Au nunua simu kama watu wengine, uache kusema simu ni ya kutangazia misiba tu.

Mama, dada yako, hajambo. Magoti yanamuuma mvua ikikaribia, na ikishanyesha yanapoa, kwa hiyo tunamtumia badala ya redio. Deborah, mdogo wangu, amepata kazi ya kufundisha shule ya msingi. Yule Adrien wake alileta wazee wawili Jumapili. Mama alijifanya hajui walichofuata, akawaacha wazungumzie bei ya unga saa nzima.

Sasa kazi. Huu ni mwezi wa nne tangu ustaafu na kuniachia meza yako ya maabara. Mama bado anawaambia majirani kwamba kazi yangu ni kupaka rangi nyama ya wagonjwa, nami sina la kubisha. Kipande kinatoka kwa daktari wa upasuaji, nakigandisha kwenye nta, nakikata chembamba kuliko karatasi, nakielesha kwenye beseni la maji ya moto, nakiokota kwa kioo, nakipaka rangi, na Daktari Constantin anaangalia kwa hadubini kama kuna ugonjwa. Ulinifundisha yote hayo, lakini anayenifundisha sasa ni kitabu chako chekundu. Siyo kilichochapwa, maana hicho kiliandikwa na mtu asiyewahi kukatikiwa umeme. Nasoma ulichoandika pembeni. "Usihesabu dakika, angalia rangi." "Rangi ya eosini ya mwaka huu ni mbaya, ongeza tone la siki." Ile chupa ya hematoksilini uliyoacha dirishani imeiva juani, inatoa bluu nzuri mpaka daktari alinisifu, jambo ambalo unajua halifanyiki bure.

Nina maswali mawili. La kwanza: ukurasa wa 212 na wa 213 zimegandana. Nimejaribu mvuke, nimejaribu kisu, wapi. La pili: kuna kipande kidogo kinatokea ukingoni mwa vioo vyangu na si cha mgonjwa. Wiki iliyopita kilikaa pembeni ya figo, leo pembeni ya utumbo. Nakosea wapi?

Binti yako,
Chilufya

* * *

Kilwa, tarehe 2 Desemba 2023

Mpendwa Chilufya,

Barua yako imeletwa na Mama Chama, yule mwuza samaki anayepanda malori. Ilikuwa inanuka samaki lakini ilisomeka. Mshukuru Mungu kwa ajili yangu kwa habari za Deborah, na umwambie dada yangu akubali wale wazee kabla hawajachoka na habari za unga.

Huku tuko salama. Upepo uliezua bati mbili za jikoni. Samaki wamepungua, watu wanalaumiana.

Bluu nzuri inatoka kwenye maji, si kwenye chupa tu. Maji ya bomba yakibadilika baada ya mvua, rangi inabaki zambarau na watu wanalaumu chupa bure. Tia chokaa kidogo, kiasi cha ncha ya kijiko, na uache kioo kipumzike mpaka kigeuke. Usikiharakishe. Kuhusu eosini, siki ni kwa dharura tu, usiifanye desturi.

Kipande hicho ni uchafu wa beseni. Ukimaliza mgonjwa mmoja, pitisha gazeti juu ya maji kabla ya mwingine, ndipo uchafu unanata na kutoka. Nilikuonyesha. Pitisha kila mara, hata ukiwa umechoka.

Kurasa hizo ziache. Hazina kitu unachohitaji.

Kina umbo gani, hicho kipande?

Mjomba wako,
Anaclet

* * *

Bel-Air, tarehe 4 Januari 2024

Mjomba,

Heri ya mwaka mpya. Tulikula Noeli vizuri, Mama alichinja bata aliyekuwa anatuuma wote. Mahari ya Deborah imejadiliwa nusu, nusu nyingine ni baada ya Pasaka. Amenenepa kwa furaha na ananikera.

Nilipitisha gazeti. Nilinunua beseni jipya. Nilibadili kisu, maji, chupa zote, nikasugua meza kwa alkoli mpaka mikono ikachubuka. Kipande kipo.

Umeuliza umbo. Kiko kama sikio la mtoto, na katikati kuna tundu. Ni tishu ya titi, hilo hata mimi naliona, na imejaa kansa. Ndani yake mmetapakaa chembe nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Daktari Constantin alikikuta pembeni ya kibofu cha mzee mmoja, akacheka: "Chilufya, huyu papa iko na titi?" Nilicheka naye. Sikumwambia kwamba ni kilekile. Mwezi wa kumi na moja kilikuwa kama punje ya mtama. Sasa kimefika ukubwa wa ukucha wangu mdogo.

Jumanne nilifanya jaribio. Nilichukua kioo kitupu, kipya, nikakipitisha kwenye rangi bila kuweka kitu chochote. Kilipokauka, kipande kilikuwa pembeni, kimepakwa rangi vizuri kuliko ninavyopaka mimi. Ile ni rangi yako, mjomba. Mimi bluu yangu haijafikia hapo.

Naogopa, na sioni aibu kukuandikia hivyo. Chembe nyeusi ni nini? Na ukurasa wa 212 una nini?

Chilufya

* * *

Kilwa, tarehe 11 Februari 2024

Mpendwa Chilufya,

Nimepokea yako. Afya yangu ni ya uzeeni. Tulisomesha misa ya kumkumbuka tantine yako Régine, mke wangu, miaka ishirini na saba sasa. Padri alikuwa mgeni, alikosea jina lake mara mbili, na sikumsahihisha.

Chembe nyeusi ni uchafu wa formol, ile dawa ya kuhifadhia nyama. Formol ikizeeka inaacha weusi kwenye nyama. Si jambo.

Vioo hivyo vivunje, utupe. Usifanye tena majaribio ya vioo vitupu. Kazi yetu ni kuangalia kilichowekwa, si kungojea kisichowekwa.

Usiniulize tena habari hii. Nakuomba kama mjomba wako, na ukitaka nakuamuru.

Bati za jikoni zimerudishwa.

Anaclet

* * *

Bel-Air, tarehe 27 Februari 2024

Mjomba,

Mama hajambo, mimi sijambo, na hapo salamu zimeisha.

Deborah alipata uvimbe kwenye titi la kushoto. Alinificha mwezi mzima. Wamemchoma sindano, wakatoa kipande chembamba kama uzi, na kimeletwa kwenye meza yangu. Nilikikata mwenyewe. Kilikuwa kidogo mno, kimeisha chote. Nimepata kioo kimoja tu kinachofaa.

Nyama ya Deborah ni safi, mjomba, nimeipitia mstari kwa mstari. Lakini pembeni, imegusana nayo kabisa, iko ile tishu yenye tundu na chembe nyeusi. Daktari Constantin ameiona yote kama kitu kimoja. Ameandika kansa. Titi litaondolewa Jumanne tarehe 9 Aprili.

Nilimweleza. Nilimweleza yote tangu Novemba, hata kioo kitupu. Akavua miwani. "Chilufya, weye njo dada yake," akasema. "Macho yako inaona kintu yenye roho inataka." Nikamwonyesha chembe nyeusi. Akasema ni formol, kama ulivyosema wewe. Niliomba wamchome sindano tena. Akasema kwa nini kumtesa mtoto wa watu mara mbili wakati jibu liko wazi. Vioo vya zamani ambavyo vingenisaidia nilivivunja, kwa sababu mjomba wangu aliniamuru.

Deborah ananiuliza kila jioni: "Yaya, weye dada yangu, iko nini unanificha?" Wazee wa Adrien wamesikia na hawajarudi.

Ulijua umbo lake kabla sijakwambia. Ndiyo maana uliuliza. Umefanya kazi miaka thelathini na tano mezani pale, hakuna mtu mwingine hai anayeweza kuniambia kipande hiki ni cha nani. Kama ni cha Deborah, acha wamkate. Kama si chake, nipe kitu cha kumwonyesha daktari, kitu cha macho, siyo maneno.

Nimemwambia Mama Chama asiondoke mlangoni kwako mpaka umeisoma mbele yake.

Chilufya

* * *

Kilwa, tarehe 30 Machi 2024

Mwanangu Chilufya,

Mama Chama alikaa mlangoni siku mbili, akikaanga samaki wake kwenye jiko langu. Barabara imekatika baada ya daraja dogo, anasema lori litapita lini Mungu anajua. Naandika haraka ili iwe tayari.

Kwanza la Deborah. Kuna aina mbili za weusi. Weusi wa formol hautoki kwa iodini. Weusi wa zebaki unatoka. Zamani tulikuwa na dawa ya zebaki ya kuhifadhia nyama, nzuri kupita formol, lakini ni sumu na inaacha chembe kama ulizoona. Hakuna aliyeitumia katika maabara ile tangu mwaka 1996. Nyama ya Deborah imekaa kwenye formol tu. Kwa hiyo ondoa kifuniko cha kioo, tia kioo kwenye iodini dakika kumi, kisha kwenye ile chumvi ya wapiga picha mpaka umanjano uondoke, kisha rangi upya. Chembe zikitoweka, kipande si cha mdogo wako. Vipimo viko ukurasa wa 212. Usitumie mvuke. Nilizigandisha kwa gundi tunayofungia vioo. Lowesha kwa zailini, ile dawa ya kuyeyushia nta, zitaachana zenyewe. Kioo ni kimoja, usitikise, nyama isije ikachomoka. Fanya mbele ya daktari.

Sasa la pili, ambalo utalikuta limeandikwa 213 kwa mkono wangu.

Mwaka 1996 tantine yako aliugua titi. Kipande chake kililetwa kwangu kama kilivyoletwa kwako cha Deborah. Nilikuwa na chumvi ya zebaki ya mwisho, kijiko kimoja, nilikuwa naihifadhi. Nikampikia dawa hiyo yeye peke yake. Nilitaka apate kilicho bora. Nilimkata, nikamwelesha kwenye maji, nikamwokota kwenye kioo, na kabla hata ya rangi nilijua. Juu ya maji kilibaki kipande kidogo, chenye umbo uliloniandikia. Nilitakiwa kupitisha gazeti. Nililishika gazeti mkononi, Chilufya. Sikuweza kumfuta mke wangu kwa gazeti na kumtupa kwenye pipa. Nikaliweka chini, na umeme ulikuwa karibu kukatika, nikaanza mgonjwa mwingine kwenye maji yaleyale.

Aliyefuata alikuwa msichana wa Ruashi, Ntumba, miaka ishirini na tatu. Jibu lake lilitoka kansa. Alikatwa titi, jeraha likaoza, siku ya kumi na saba akafa. Dawa za kuzuia kuoza hazikuwepo mjini wakati ule. Miezi sita baadaye, Régine ameshazikwa, nilikuwa napanga vioo kabatini nikatazama cha Ntumba. Zilikuwemo chembe nyeusi. Mgonjwa mmoja tu wiki ile alikuwa na zebaki. Ntumba hakuwa na ugonjwa wowote.

Sikusema. Niliandika kitabuni, nikagandisha kurasa, nikaendelea na kazi miaka ishirini na saba.

Nilipostaafu nilibeba kioo cha Régine, kile kilichomwonyesha vizuri, nikakiweka hapa kwenye sanduku la miwani. Ulipoandika Novemba nilikitazama kwenye mwanga. Pembeni palikuwa pameanza kuwa peupe, kama kitambaa kinachotobolewa. Nikasema rangi inafifia, inatokea. Januari nusu ilikuwa imekwenda. Leo ni kioo tu, na karatasi yenye jina lake. Huku kwangu amekwisha. Nadhani amehamia kwako kabisa.

Simwogopi. Nasikia aibu mbele yake, basi.

Anaclet

* * *

Bel-Air, tarehe 12 Aprili 2024

Mjomba,

Barua yako ilifika Jumatatu tarehe 8, saa tisa alasiri. Mama Chama aliileta mpaka maabara, na tope mpaka magotini. Zilibaki saa kumi na saba.

Kurasa ziliachana kwenye zailini kama ulivyosema. Sikusoma 213 siku hiyo. Nilichukua vipimo, nikaenda kwa mpiga picha mmoja mzee wa mjini kutafuta chumvi. Aliitoa kwenye kopo lililokuwa na kutu.

Daktari Constantin hakutaka. Nilimpa kitabu chekundu, akasoma 212, akajaribu kunirudishia, kisha ukurasa ukamgeukia mkononi akasoma na 213, amesimama vilevile. Akakaa. "Anaclet aliandika hii?" Nikasema ndiyo. Tulifanya pamoja Jumanne saa moja asubuhi, yeye akihesabu, mimi nimeshika kioo. Kwenye iodini kila kitu kilikuwa kahawia. Kwenye chumvi kikasafika. Nilipaka rangi, nikampa, nikageukia ukuta.

Alikaa kwenye hadubini muda mrefu. Halafu akasema: "Hakuna. Chembe yote imeenda." Akachukua simu, akapiga chumba cha upasuaji.

Deborah alikuwa ameshavalishwa, amelala kwenye kitanda cha magurudumu. Walipomwambia ashuke alifikiri umeme umekatika. Alirudi nyumbani kwa miguu, hakutaka gari, na alilia njia nzima akinipiga mgongoni. Uvimbe wake utaangaliwa tena mwezi ujao, kwa sindano mpya na beseni ambalo daktari mwenyewe analisimamia. Amesema vilevile vioo vyangu vyote tangu Novemba vipitiwe upya, na nilivyovunja vikatwe tena kutoka kwenye nta, na amefanya vizuri.

Tangu Jumanne vioo ni safi. Natazama ukingoni kila kimoja. Nikikuta patupu, nashukuru, lakini najikuta natazama tena.

Mjomba, nakupenda, na nimekukasirikia kuliko ninavyojua kuandika. Ungeniambia Desemba. Deborah alikuwa amebakiza mlango mmoja kabla ya kisu.

Nimeulizia Ruashi. Mama yake Ntumba yu hai. Anaitwa Mama Mujinga, anakaa nyuma ya soko, upande wa mgodi. Watu wa maabara walitaka nimpelekee habari, daktari pia alitaka. Nimekataa. Sitaenda kwa niaba yako.

Chilufya

* * *

Ruashi, tarehe 19 Mei 2024

Mwanangu Chilufya,

Naandikia kwenye meza ya duka, siko mbali nawe hata saa moja ya basi, lakini haya siwezi kuyasema kwa mdomo mara ya tatu. Msalimie dada yangu, mwambie nitalala kwenu leo kama mlango uko wazi. Safari ilinichukua siku tano. Miguu imevimba, mengine mazima.

Nilimkuta Mama Mujinga anaanika mihogo. Ni mzee kama mimi, mfupi, macho makali. Nilitaja jina langu na kazi niliyokuwa nafanya. Hakushangaa. Alinisogezea kigoda, akaniambia: "Ikala. Nilijua kuko muntu atakuya."

Nikauliza alijuaje. Akaonyesha kwa kidevu mwisho wa kiwanja, pale ukuta wa matofali unapokutana na majani. "Tangu mvua ilianza, kulikuwa mwanamuke moja anaikalaka pale. Hasalimie. Hakule. Anashika tu kifua na kutuangalia. Batoto banamuogopa. Mu mwezi ya ine, mu Aprili, akaacha kukuya." Akanitazama. "Iko wa kwako?"

Nilisema sijui. Hata kitenge alichovaa sikuuliza. Nilijua ningeuliza angeniambia, na ningekitambua.

Basi nikamweleza. Nilisema kulikuwa na maji ambayo sikuyasafisha, kipande cha mgonjwa mwingine kikamwangukia binti yake. Nilisema nilijua baada ya miezi sita na nikanyamaza. Alisikiliza bila kuacha kugeuza mihogo. Nilipomaliza akauliza swali moja: "Ntumba yangu alikuwa na ugonjwa, ao hapana?"

"Hapana, mama. Hakuwa na kitu."

Aliacha mihogo. Nilifikiri atanipiga, na nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo. Lakini aliita ndani ya nyumba, wakatoka wanawake wawili, wadogo zake Ntumba, wote wamezidi miaka arobaini. Mmoja amechumbiwa mara tatu, mwingine mara moja. Kila mara ukoo wa mwanaume ulirudisha maneno kwamba nyumba ile ina kansa kwenye damu. Yule mdogo alikataa mwenyewe kuzaa, kwa kuogopa kumrithisha mtoto. Kila mwaka mama yao amewapeleka hospitali kupapaswa, miaka ishirini na minane, na kila mwaka wamerudi wazima na hawakuamini.

Hayo sikuyajua, Chilufya. Nilikuwa nimehesabu mtu mmoja.

Mama Mujinga aliwakalisha kwenye mkeka, akaita na majirani wawili wa ukutani, akaita na mwanamume mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli. Kisha akanigeukia.

"Rudilia," akasema. "Bote basikie."

Nikasimama, nikarudia toka mwanzo, na safari hii nikataja kwamba mgonjwa mwingine alikuwa mke wangu, na kwamba nilikuwa nimeshika gazeti mkononi.

Mjomba wako,
Anaclet